Kabla Hujamwekea Mwewe Sumu, Piga Picha ya Alichoshika

Leo naweka pembeni mbolea na bei ya mahindi. Kila msimu wa vifaranga napata swali lile lile, liwe linatoka Mkuyuni, Kinole, Mgeta au Melela: "Bwana shamba, niweke sumu gani kwenye nyama ili mwewe afe?" Na wauza pembejeo nao wanauliza kwa upande wao: "Wateja wanataka dawa ya mwewe, nilete ipi?"

Jibu ni kwamba hakuna, na usilete. Najua jibu hilo peke yake halimsaidii mama aliyeangua vifaranga kumi na wawili akabakiwa na watano, kwa hiyo nitaeleza. Maoni yangu ni kwamba tunawahukumu mwewe, bundi na tai bila kujua wanakula nini hasa, wakati karibu kila kaya sasa ina simu yenye kamera. Wenzetu wamekwisha kuonyesha kwamba picha za watu wa kawaida zinaweza kujibu swali hilo.

Kuna tai mmoja mkubwa sana wa mbugani, mgongo wake kahawia iliyokolea, tumbo jeupe lenye madoa. Wataalamu wanamwita kwa Kilatini Polemaetus bellicosus. Ukipita Mikumi ukiwa na bahati utamwona juu ya mti mkavu. Anapungua kwa kasi, na mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimpandisha kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Ukitaka kumlinda lazima ujue chakula chake. Njia ya zamani ilikuwa kutafuta kiota, kupanda mti na kuokota mifupa na manyoya chini yake. Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu jozi moja ya tai hawa inatawala eneo kubwa mno na viota viko mbalimbali. Mifupa midogo hupotea. Halafu unapata habari za ndege wenye viota tu, ilhali tai wachanga wanaotangatanga hawana kiota cha kukaguliwa.

Mwaka 2019 Vincent Naude na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha katika jarida la The Condor utafiti uliofuata njia nyingine. Walikusanya picha za tai huyu zilizokwishawekwa kwenye intaneti na watalii na wapiga picha, wakazipata kupitia Google, kisha wakaangalia kilichokuwa chini ya kucha: mnyama, ndege, au kitu chenye magamba kama kenge. Wakalinganisha Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika. Waliopiga picha hizo wengi wao walikuwa mapumzikoni, hawakujua kwamba siku moja picha zao zingehesabiwa.

Mimi kilichonivutia ni gharama. Hakuna aliyepanda mti, na ndege hakusumbuliwa kiotani.

Sasa jiulize picha hizo zilipigwa wapi. Mtalii amelipa kiingilio cha hifadhi, ana kamera yenye lenzi ndefu kama mkono, amekaa ndani ya gari ana nafasi ya kusubiri. Atampiga picha tai akila kanga, kenge, sungura au mtoto wa swala, kwa sababu hao ndio walioko hifadhini. Tai huyo huyo akivuka mpaka akapita juu ya mashamba ya Doma, nani anampiga picha? Tai wa hifadhini ana ushahidi wa picha. Tai wa kijijini ana maneno ya watu tu, na maneno yenyewe karibu yote yanahusu kuku na mbuzi.

Pengo hilo ni baya kwa sababu ndege hawa wanaisha zaidi huku kwetu kuliko hifadhini. Januari 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilitoa matokeo ya Phil Shaw, Darcy Ogada na wenzao waliopima ndege wawindaji wa savana za Afrika kwa miongo kadhaa. Kati ya aina 42 walizochunguza, asilimia 88 zilikuwa zimepungua, na upungufu ulikuwa mkali zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Yaani kwenye mashamba na malisho, mahali ambapo hakuna mtalii wa kupiga picha.

Hata hivyo sitaki mtu aniambie kwamba picha haidanganyi. Inadanganya, na inadanganya kwa namna tatu ambazo mkulima anaweza kuzielewa bila kwenda chuo.

Kwanza, chakula kikubwa hukaa muda mrefu mbele ya kamera. Tai akiangusha swala mdogo atakaa hapo saa nzima. Kipanga yule mdogo wa kijivu na mweupe, mwenye macho mekundu, anayeelea hewani mahali pamoja juu ya majaruba, akishika panya anamaliza upesi na kuondoka. Mwewe anakula kumbikumbi angali anaruka. Kwa hiyo ukihesabu picha, vinyama vikubwa vitaonekana vingi kuliko ilivyo. Kwetu kasoro hii ina sura yake: kifaranga ananyakuliwa uani, mchana, mbele ya watoto na majirani wanaopiga kelele, lakini panya ananyakuliwa shambani saa kumi na mbili jioni wakati watu wamekwisha kurudi nyumbani. Ukitoa simu pale tu unapokuwa na hasira, utakusanya picha za kuku peke yake, na kijiji kizima kitaamini kwamba mwewe anaishi kwa kuku.

Pili, kula siyo kuua. Mwewe ni mla mabaki mkubwa. Mtazame kwenye machinjio na majalala ya Morogoro mjini. Ukimkuta juu ya kuku aliyekufa, picha yako inathibitisha kwamba anakula kuku. Nani alimuua ni swali lingine. Huenda ni kideri, na huenda kuku huyo ulimtupa mwenyewe jana nyuma ya nyumba. Vifaranga wanaopotea usiku usimsingizie mwewe kabisa, yeye usiku amelala. Tafuta kicheche, kanu au paka, na kagua mlango wa banda.

Tatu ni picha inayorudi. Watafiti makini huondoa picha zilizojirudia, maana picha moja inaweza kuwekwa mahali kumi na ikahesabiwa mara kumi. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp hatuondoi. Picha ya tai aliyebeba mwanakondoo, ambayo hata nchi ilikopigwa hujui, inazungushwa Matombo, inafika Tawa, inarudi Kinole, na kila anayeipokea anadhani ni tukio jipya la jirani. Mtu akikutumia, muulize mambo matatu: ilipigwa lini, kijiji gani, na nani alikuwepo. Akikosa majibu, usiitume kwa mwingine.

Sasa nije kwenye panya, maana hapo ndipo pesa ilipo. Panya shamba, yule ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamemchunguza hapa Morogoro kwa miaka mingi, anakadiriwa kula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka wa kawaida, na mwaka wa mlipuko anaweza kumaliza shamba. Anafukua mbegu ulizopanda jana. Vuli zikinyesha vizuri anaanza kuzaana mapema, na msimu unaofuata unakuta watu wanarudishia mbegu mara mbili na mara tatu. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, yule anayelala kwenye dari za shule na makanisa, chakula chake kikuu ni panya. Kipanga wa macho mekundu naye hali kadhalika. Kuua ndege hawa kwa sababu ya kifaranga au kwa sababu ya hofu ya uchawi ni hasara juu ya hasara.

Lakini sitawauzia bundi kama dawa. Kuna watu siku hizi wanazunguka wakisema simika nguzo za ndege kutua, weka masanduku ya bundi, na panya wataisha. Jambo hilo limepimwa hapa hapa Morogoro. Mwaka 2006 Solveig Vibe-Petersen, Herwig Leirs na Luc De Bruyn walichapisha jaribio la kwenye mashamba ya mahindi. Maeneo mengine waliyaacha kama yalivyo, mengine waliyafunika nyavu ili wanyama na ndege wanaokula panya wasiingie, na mengine wakayawekea nguzo za kutua na masanduku ya viota ili kuwavuta ndege. Palipozuiwa wawindaji, panya waliongezeka haraka zaidi na kilele cha wingi wao kikawa juu zaidi. Palipowekwa nguzo na masanduku, hali haikuwa tofauti sana na palipoachwa kama kawaida. Na walipozungushia uzio ili panya wasihame, tofauti iliyoletwa na wawindaji ikatoweka, jambo linaloonyesha kwamba huenda wawindaji wanawafanya panya wahame kuliko wanavyowamaliza.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: ukiwaondoa ndege, shamba la wazi linaumia, ukiwaongeza, usitegemee muujiza. Panya wanapunguzwa na kijiji kinachopanda kwa wakati mmoja, kinachofyeka vichaka vya mipakani na kutega mitego kwa pamoja kabla ya kupanda. Shamba moja likitegwa na jirani asitege, unamlishia jirani. Ndege ni msaidizi asiyelipwa, basi usimpige mawe.

Kwa wakazi wa milimani nina la kwao. Kwenye msitu wa Uluguru, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, yupo tai mwingine mwenye kishungi, kifua chenye mabaka, mabawa mapana na mafupi ya kupenya kwenye miti. Huyu vitabuni ni Stephanoaetus coronatus. Anakula nyani wachanga, kima, pimbi na paa wadogo. Kima! Yule yule anayewashinda watoto wenu kulinda mahindi na ndizi kwenye miteremko. Kwenye miji ya Durban na Pietermaritzburg kule Afrika Kusini, ambako tai huyu anaishi karibu kabisa na nyumba za watu, Shane McPherson na wenzake waliweka kamera kwenye viota ili kujua kama analisha makinda mbwa na paka wa watu kama ilivyosemwa. Kilichojaa kwenye picha ni pimbi na makinda wa kwarara. Wanyama wa kufugwa walikuwepo ila wachache. Sidai kwamba Uluguru ni sawa na Durban. Huku kuku wanazurura hadi mpakani mwa msitu, na inawezekana hesabu ikatoka tofauti. Ndiyo maana nataka picha za huku.

Turudi kwa yule mama wa vifaranga. Vifaranga wiki nne za kwanza wakae ndani ya tenga au banda lenye wavu juu, mama yao akiwa nao, wakilishwa na kunyweshwa humo. Baada ya hapo waachie karibu na vichaka vifupi au chini ya migomba, si kwenye uwanja mweupe usio na pa kujificha. Chanja kideri: tone moja jichoni la chanjo ya I-2, kisha rudia kila baada ya miezi mitatu. Kideri kikiingia kwa kuku wasiochanjwa kinaweza kufagia banda zima ndani ya wiki moja. Fungua ukurasa kwenye daftari, andika kila kuku aliyepotea, tarehe, mchana au usiku, na sababu uliyoiona kwa macho. Anayefanya hivyo msimu mmoja hufika kwenye mkutano wa kijiji akiwa na hesabu, na mara nyingi hesabu yenyewe inamtuma kwa mtaalamu wa mifugo kabla ya kumtuma kwa mwewe.

Kuhusu sumu nitasema wazi, na nasema nikiwatazama wenye maduka. Nyama yenye sumu haichagui. Atakula mwewe, atakula mbwa wa jirani, atakula tumbusi aliyetoka mbali, na mtoto anaweza kuishika. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua wanyamapori bila kibali, wala kutumia sumu kuwaua. Nchini Kenya sumu ya wadudu iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Furadan ilitumika kuua simba na tumbusi hadi ikaondolewa sokoni mwaka 2009. Haikuwa imetengenezwa kwa ajili hiyo. Ilifika huko kwa sababu mtu alimuuzia mtu bila kuuliza. Sumu ya panya nayo, hasa zile zinazomchelewesha panya siku kadhaa kabla ya kufa, zinamfanya panya atembee amelegea mchana kweupe, akaokotwa na bundi au kipanga aliyekuwa anakusaidia. Ukiuza, uza iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ikiwa kwenye pakiti yake yenye maandishi, si ile ya kupimiwa kwenye karatasi, na mwambie mteja azike panya anaowaokota.

Najua muuza duka atasema nisipomuuzia mimi atanunua kwa mwingine. Labda. Ila duka lako lina vitu vingine vya kumwuzia mtu mwenye tatizo la mwewe: wavu, misumari, mitego ya panya, na chanjo kama una mahali pa ubaridi pa kuitunzia. Mteja anayerudi na kuku hai atanunua tena chakula cha kuku.

Na kwa atakayekubali kupiga picha, simu ya kawaida inatosha ukijua mipaka yake. Usimkimbilie ndege, ataruka na alichoshika kitaanguka. Simama, rekodi video fupi, kisha utoe picha kwenye video ile ambayo kucha zinaonekana. Akiwa mbali mno, piga alipokuwa ametua baada ya yeye kuondoka: manyoya yaliyonyofolewa, mkia, mguu, magamba. Weka kiberiti au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Andika siku ile ile kijiji, tarehe, saa, zao lililopo shambani, na kama uliona tukio au ulikuta mabaki. Piga picha ya panya kwa bidii ile ile unayopiga ya kifaranga, na hata ya ndege aliyetua bila kitu. Programu ya bure ya iNaturalist inapokea picha za aina hii na watu wanaojua ndege wanakusaidia kumtambua. Upo pia mradi wa Tanzania Bird Atlas wa Neil na Liz Baker, ambao kwa miaka mingi umekusanya kumbukumbu za ndege wa nchi hii. Kiota usikisogelee, na ukiweka picha yake ficha mahali kilipo, programu ina sehemu ya kufanya hivyo. Wako watu wanaotafuta viota kwa nia mbaya.

Kwa bundi simu haitakusaidia sana, anakula gizani na panya anammeza mzima. Yeye ameweka kumbukumbu kwa njia yake. Chini ya mahali anapolala utakuta vidonge vyeusi-kijivu, virefu kama kidole gumba. Si kinyesi, ni manyoya na mifupa aliyotapika. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, viokote, viache juani vikauke vizuri, kisha vipasue juu ya karatasi nyeupe na uhesabu mafuvu. Fuvu la panya lina meno mawili marefu ya njano mbele. Picha ya karatasi hiyo, yenye mafuvu yamepangwa mstari, ndiyo ningependa kuiona ikizungushwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na walimu wa shule zenye bundi darini wanaweza kuanza hata Jumatatu.